Nilitumwa Kumuulizia Binti wa Watu

"Ticha, ungekuwa wewe, ungekubali mwanao amuoe Yasmin?"

Aliyeuliza ni kijana wa dawati la nyuma kabisa, yule ambaye kwa kawaida huzinduka kipindi kikiwa kimebakisha dakika 5. Ilikuwa mwaka 2016, kidato cha tano, na tulikuwa katikati ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Nilikuwa nimezungumza robo saa nzima, na nilizungumza vizuri, maana kitabu hicho nakipenda na nikikipenda kitu ulimi wangu huwa mwepesi. Niliwaeleza namna binti wa Kihindi wa miaka 15 alivyoozwa Bwana Raza, mwanamme wa umri wa baba yake. Namna alivyomkimbia, na jamaa zake mwenyewe wakamfungia milango. Namna aliyemfungulia alivyokuwa Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo ya mji wa Unguja ambaye wenye heshima zao wangempa kila jina isipokuwa lake.

Wasichana wa mstari wa mbele walikwishakata hukumu tangu sura za mwanzo: Yasmin mhuni. Nikawa nawageuza kidogo kidogo, kama mtu anayegeuza chapati asiichane, mpaka mmoja wao akasema, "Maskini, hakuachiwa njia." Nikaona leo nimefundisha. Ndipo likaja swali la nyuma.

Darasa lilicheka, na mimi nikacheka. Nikasema swali zuri, andikeni insha, kurasa 2, mniletee Jumatatu. Kila mwalimu anaijua hila hiyo: swali likikushinda, lifanye kazi ya nyumbani.

Insha zikaja 38. Takribani zote zilisema kitu kimoja: Yasmin hana kosa, lakini mama asingekubali. Hakuna aliyeandika "mimi nisingekubali". Ni mama, ni bibi, ni "wazee wa nyumbani". Mmoja aliandika kwamba yeye angemuoa, ila nyumbani asingesema. Nilimpa alama nzuri kuliko alivyostahili. Wengine niliwasahihisha taratibu, usiku, kwa kalamu nyekundu, na kila nilipokutana na "mama asingekubali" nilihisi kama mtu ananiita jina nyuma ya mgongo wangu. Kwa sababu mwaka 2011 huyo mama nilikuwa mimi. Au niseme mamkubwa, ili niwe mkweli.

Mtoto wa dada yangu mdogo alikuwa amepata mchumba mwenyewe. Alimuona kwenye harusi ya rafiki yake, wakazungumza, wakapendana, na baada ya miezi kadhaa akamwendea mama yake kwa adabu zote akasema anataka kuposa. Binti anakaa Fuoni na mama yake, baba amefariki. Anafanya kazi hoteli, huko pwani ya mashariki, mapokezi.

Dada alinipigia simu usiku uleule. Dada yangu huyu tulisoma naye Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed kule Wete, Pemba, nakala moja kwa zamu, na yeye alimlilia Rehema mpaka akashindwa kula, kwa vile baba yake mzazi alimkataa kwa weusi wa ngozi yake. Swali lake la kwanza kwenye simu lilikuwa: "Mweupe?"

La pili: "Kabila gani?" La tatu hakuliuliza, alilisema tu: "Hoteli."

Kwa asiyeishi kwetu inabidi nilifafanue neno hilo. Hoteli za ufukweni zilipoongezeka kuanzia miaka ya 1990, wavulana walikwenda kufanya kazi na watu wakasema wamepata kazi. Wasichana walipokwenda, watu wakasema wamekwenda hoteli. Halifafanuliwi zaidi ya hapo. Mtu akisema fulani binti yake yuko hoteli, hushusha sauti kidogo mwishoni, na mwenziwe huitikia kwa koo tu, "Mmh."

Basi nikatumwa kuulizia. Posa kwetu haipelekwi bila kuulizia. Kabla ya barua na kabla ya wazee kuvaa kanzu, hutangulia mtu mmoja, mara nyingi mwanamke mtu mzima mwenye jina zuri, akapita mtaani kwa binti akauliza: ni watu gani, wana dini, wana magonjwa ya kurithi, wana ugomvi na nani, binti mwenyewe vipi. Ni utaratibu wa maana, na sisemi uachwe. Nimeshuhudia nikaha iliyookolewa na muulizaji makini, aliyegundua kwamba bwana harusi tayari ana wake wawili Tanga. Nilichaguliwa mimi kwa sababu ni mwalimu. Dada alisema, "Wewe umesoma, hutababaishwa na maneno ya watu."

Nilikwenda Jumamosi baada ya alasiri. Nilishuka kwenye daladala nikauliza dukani, kijana wa duka akanionesha kwa kidevu nyumba yenye mlango wa kijani, kisha akasema, "Lakini muulize bibi wa vitumbua, yeye anawajua zaidi."

Bibi wa vitumbua alikuwa mwanamke wa miaka kama 50, mcheshi, mwenye uso unaokufanya uone umefika kwenu. Alinifutia kibao kwa kanga yake, akaniwekea kikombe cha chai ya rangi yenye mdalasini, akanipa kitumbua cha moto na pesa akaikataa. Tuligundua kwamba marehemu mumewe alikuwa na jamaa Pemba, Mtambwe. Basi tena. Mtu akishakujulia kwenu, humuulizi ushahidi.

Hakunisemea binti wa watu vibaya. Nataka hili lieleweke, kwa sababu katika hadithi wambea wana sauti kali na macho madogo. Huyu alisema kwa huruma. Kila jambo alilitanguliza na "Mimi si msemaji" na kulifunga kwa "Allah atustiri sote." Alisema mama yake mwema, masikini, mjane. Alisema bibi yake alikuwa mtu wa mwani kule Bwejuu, "wale unawajua." Alisema binti mwenyewe ana adabu akikutana nawe, shikamoo haimpiti. "Ila ndiyo hivyo, mwanangu. Saa 5 za usiku unasikia gari. Vioo vyeusi. Wanaume ndani wanacheka. Anashuka. Na Kitaliana anakisema kama alizaliwa nacho. Sasa mtu anajifunza Kitaliana wapi, na kwa nani? Mimi si msemaji."

Hilo la mwani lingenitosha kuwa onyo, kama ningekuwa na akili siku ile. Kilimo cha mwani kilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1980, mamdogo wangu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kijijini kwao Pemba. Maji yakitoka aliingia baharini na vigingi vyake na kamba, kanga imefungwa kifuani, imerowa, na wanaume wakawa na la kusema: mwanamke anashinda pwani, nani anajua yuko na nani? Mumewe alitishia talaka. Kisha pesa ya mwani ikaezeka nyumba bati, na maneno yakaisha. Nilikuwa nayajua hayo yote, na bado "mtu wa mwani" iliposemwa mbele yangu kwa toni ile, niliitikia kwa koo.

Nilimaliza chai. Nikaaga. Njia ya kurudi kituoni inapita mbele ya mlango wa kijani. Mlango ulikuwa wazi, pazia limefungwa kwa fundo, viatu viwili vya kike vimepangwa kizingitini, redio inasoma Qur'ani kwa sauti ya chini. Nilipunguza mwendo. Hodi ni neno dogo. Kutoka nilipokuwa hadi kizingiti hazifiki hatua 8, na nazikumbuka kwa sababu baadaye nimekwishazihesabu mara nyingi kichwani. Nikajiambia jua linazama, magharibi itanikuta njiani. Nikapita.

Nyumbani walikuwa wamekaa kunisubiri: dada, mumewe, kaka wa mumewe mkubwa. Nilitoa ripoti kama mwalimu. Sikuongeza neno hata moja la uongo. Nilisema: "Binti mwenyewe sikusikia baya lililo wazi. Mama yake mwema. Lakini..."

Baada ya "lakini" nilieleza gari, na vioo, na saa 5. Sikuhitaji kueleza zaidi. Ami wa kijana akasema lile alisemalo kila mtu anapotaka kuhukumu bila ushahidi, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Sipendi methali hiyo. Imeandikwa kwenye kanga, inafundishwa maskulini, na mimi mwenyewe nimeitungia maswali ya mtihani. Lakini ukiitazama vizuri inasema kwamba aliyesingiziwa leo atalitenda kesho, kwa hiyo hana pa kutokea. Shemeji akamalizia kwa neno la kistaarabu zaidi: "Si kufu yetu," yaani si wa hadhi yetu. Dada alinitazama. Mimi nikatazama kikombe.

Kijana alilia, akanuna, akahamia kwa rafiki yake wiki 2, akarudi. Mwaka uliofuata akaozwa msichana mwingine, mtoto wa watu wema, na wanaishi vizuri, wana watoto 2. Sina mkasa wa kusimulia hapo. Hakuna aliyejinyonga wala aliyepata wazimu. Hiyo ndiyo sababu niliweza kukaa miaka 5 bila kulifikiria jambo hili hata siku moja.

Cha kuchekesha ni kwamba mimi nimeonjeshwa chakula hichohicho. Nilipotoka Wete kuja Unguja kusomea ualimu, nilipanga chumba kwa bibi mmoja. Mwezi wa Ramadhani nilimpelekea futari, muhogo wa nazi na samaki, akapokea kwa mikono miwili na dua ndefu. Nilipotoka uani nikamkuta anawamwagia kuku. Mpemba, chakula chake nani anajua kimesomewa nini? Kisiwa chetu kina jina la waganga, na jina hilo husafiri kwenye meli pamoja nawe. Nilicheka nilipowahadithia wenzangu, lakini usiku ule nililia. Nilidhani mtu akishatendewa hivyo hawezi kuwatendea wengine.

Na nilikuwa nimesoma, tena si Qur'ani peke yake. Aya ya 12 ya Al-Hujurat, inayotuambia tujiepushe na dhana nyingi na inayomfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa, niliihifadhi chuoni kabla sijajua kuandika jina langu kwa herufi za Kirumi. Chuo cha ualimu nikasoma riwaya ya Jane Austen ya mwaka 1813, Pride and Prejudice, kwa Kiingereza, kamusi pajani, maneno 20 kila ukurasa. Sidhani kama kuna kitabu cha Kizungu kilichonikaa kama hicho. Watu hudhani mambo ya Waingereza wa karne ile yako mbali nasi. Mama ana mabinti watano ndani, mali itarithiwa na mwanamme wa pembeni kwa sababu hakuzaa wa kiume, na kila kijana mwenye kipato akihamia jirani mama anapata homa. Nilisoma nikawa nawaona watu wa Wete, wamevaa tu nguo nyingine.

Elizabeth, binti wa pili, ana akili na ulimi. Kwenye dansa anamsikia bwana mmoja tajiri, Darcy, akisema kwamba yeye si mzuri kiasi cha kumvutia. Inamuuma, na ana haki. Tangu hapo lolote atakaloambiwa juu ya Darcy linapata kiti tayari. Anakuja Wickham, askari mwenye sura na maneno matamu, anamsimulia namna Darcy alivyomdhulumu, na Elizabeth anaamini yote. Nami niliamini yote. Hapo ndipo uhodari wa mwandishi ulipo: hakuhadithii tu kwamba msichana alihukumu kwa pupa, anakufanya wewe msomaji uhukumu naye, halafu Darcy anaandika barua ndefu, na unajikuta umeshikwa mkono ndani ya chungu. Inasemekana muswada wa kwanza Austen aliuita kwa maneno yenye maana ya mtu anavyoonekana siku ya kwanza. Lingekuwa jina zuri pia.

Kwa miaka yote hiyo, kila nilipokikumbuka kitabu hicho nilijiona mimi Elizabeth. Nani asiyejiona Elizabeth? Nilikuwa msichana wa Pemba mwenye ulimi, niliyedharauliwa na bibi wa kuku.

Baada ya kusahihisha zile insha nilikitoa tena kabatini. Nilitaka kumsoma Wickham, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumfikiria bibi wa vitumbua. Walifanana kweli: aliyetangulia kusema, aliyekarimu, aliyejua kusikitika. Lakini Wickham ana sababu yake, na ukurasa fulani unafunuliwa unaiona. Bibi wa vitumbua hadi leo sijui alikuwa na nini nao. Pengine hakuwa na kitu. Pengine alinipa maneno kama alivyonipa kitumbua, kwa kuwa mgeni amekaa na hapana kingine cha kumpa.

Niliendelea kusoma, nikafika pale Lady Catherine anapowasili kwa gari lake la farasi. Huyu ni mwanamke mkubwa, mwenye cheo, aliyesikia kwamba Darcy anataka kumuoa Elizabeth, akafunga safari kuja kulizuia. Hoja zake unazijua bila kusoma: jamaa zako ni nani, mali yenu iko wapi, mnataka kututia doa. Si kufu yetu, kwa Kiingereza. Nikajiuliza, kwani huyu ana uhusiano gani na Darcy? Kiingereza kina neno moja tu kwa shangazi na kwa mamkubwa, kwa hiyo ilinibidi nirudi kurasa nyuma. Mama yake Darcy alikuwa Lady Anne. Lady Catherine ni ndugu yake.

Mamkubwa, au mamdogo. Nani kati yao alizaliwa mbele, riwaya haikushughulika.

Nilikifunga kitabu nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikwishaoshwa. Halafu likanijia jambo baya zaidi, na ndilo lililonifanya niandike haya. Lady Catherine, kwa kiburi chake chote, alikwenda mwenyewe. Alimtaka binti, akatoka naye bustanini, akamwambia usoni alilokuwa nalo. Na kwa kuwa alimwambia usoni, binti alimjibu, tena alimjibu vizuri, hata bibi mkubwa akapanda gari lake na hasira zake. Mimi nilikunywa chai kwa jirani. Nilimuuliza muuza duka, nikamuuliza muuza vitumbua, na mtu pekee aliyekuwa akijua kwa nini anarudi saa 5 usiku alikuwa ndani nyuma ya pazia, hatua 8.

Nikataka kumwandikia. Darcy si aliandika? Nilianza mara mbili. Mara ya kwanza ikawa ndefu na nikajikuta ninajitetea. Ya pili ilikuwa mistari 4, na nilipoisoma ilifanana na cheti cha skuli cha kuomba radhi kwa mzazi. Nilizichana zote. Tena Darcy alikuwa na la kueleza, mimi sikuwa nalo.

Mwaka 2017 tukapata semina ya walimu, siku 2, katika ukumbi wa hoteli moja huko pwani ya mashariki. Sikuwa na wazo. Hoteli ziko nyingi, na mtu miaka inapita anahama kazi. Nilifika mapokezi kusaini jina, nikapewa kalamu na dada mmoja aliyevaa mtandio wa rangi ya sare na kibati cha jina kifuani. Nikakisoma kibati.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu."

Alinipa ufunguo wa msala na ratiba ya semina, akamgeukia mgeni wa nyuma yangu akamsemesha Kitaliana. Kilikuwa Kitaliana cha kazi, chumba, taulo, saa ya kifungua kinywa, na alikisema vizuri kama mimi ninavyosema ngeli za nomino, kwa kuwa ndiyo kazi. Semina ilihusu mbinu za kufundisha ufahamu. Sikumbuki hata moja.

Siku ya pili tulichelewa, halafu gari iliyotuleta ikakataa kuwaka. Waliokuwa na jamaa karibu wakaondoka nao. Tuliobaki tukaambiwa tusubiri gari ya wafanyakazi, inaondoka saa 4 usiku na inapita njia yetu.

Ilikuwa Coaster nyeupe, vioo vyeusi.

Niliingia nikakaa kiti cha tatu. Dereva ni mzee mwenye kofia ya viua, wote wanamwita Babu. Nyuma walikaa wapishi wawili wananuka vitunguu, mtunza bustani ameegemeza kichwa kwenye kioo anakoroma, vijana wa mkahawa wanne, na wafua mashuka watatu wa kike waliokuwa wakitaniana na mmoja wa wale vijana kuhusu mpira, kwa sababu timu yake ilikuwa imefungwa. Walikuwa wanacheka, ndiyo. Ukiwa nje, barazani, gizani, ungesikia wanaume wanacheka.

Yeye alipanda mwisho, akatazama viti, akaja kukaa kando yangu. Tulikwenda kimya mpaka tukaacha barabara ya pwani. Babu akateremsha wa kwanza, akateremsha wa pili, kila mmoja mlangoni kwao.

"Mwalimu hunijui," alisema, "mimi nakujua."

"Nakujua, mwanangu."

"Ulikuwa umevaa mtandio wa kijani." Alisema polepole, hana hasira, kama anayekumbuka siku ya mvua. "Alituambia kama mtakuja siku hiyo. Mtoto wenu. Mama alifagia toka asubuhi. Alipika mkate wa kumimina. Alipokuona umekaa kwa jirani akasema, subiri, mwanamke mtu mzima lazima aulize nje kwanza, kisha ataingia. Akarudisha birika jikoni lisipoe. Mimi nilikuwa chumbani nimevaa." Akanyamaza kidogo. "Mpaka ulipopita tulidhani unatafuta mlango."

Gari ilipita Tunguu. Nilitafuta neno. Nina maneno mengi, nalipwa kwa ajili hiyo.

"Nisamehe," nilisema. Lilitoka dogo.

"Nilikwishasamehe, mwalimu. Mimi nina mume sasa. Yule pale." Akaonesha kwa kidole nyuma, kwa mmoja wa wapishi, aliyelala mdomo wazi. Akacheka. "Usimwambie nimekuonesha hivyo alivyo."

Nikataka kuuliza kuhusu mama yake, nikaogopa. Nikauliza kazi ikoje, akaniambia amepandishwa, sasa anasimamia mapokezi, na kwamba wasichana wa kutoka mjini bado wachache, wakija hawakai, nyumbani huwatoa. Alilisema kama tatizo la zamu, la kupanga watu.

Tuliingia Fuoni saa 5 na kitu. Maduka yalikuwa yamefungwa, isipokuwa taa moja barazani ambapo watu watatu wanne walikuwa wamekaa, na meza ya vitumbua imefunikwa kwa turubai. Gari ilipunguza mwendo, na mazungumzo ya pale barazani yakapungua nayo. Niliwaona kwa kioo cheusi. Wao hawakuniona, waliona gari.

Kwenye mlango wa kijani alikuwa amesimama mwanamke mfupi na tochi. Binti alimgusa mumewe bega, akainuka, akachukua mkoba wake, akauona wangu sakafuni akaniwekea pajani. "Utausahau," alisema.

Mama alikuja hadi mlango wa gari kuwapokea. Akamulika ndani, kama mtu aliyezoea kuhesabu. Mwanga ukapita kwa Babu, ukapita usoni kwangu, ukaenda kwa mtunza bustani aliyekuwa bado anakoroma, kisha ukarudi kwangu ukakaa.

"Karibuni," alisema. "Karibuni nyote."